Luigi Broglio: Profesa aliyeifanya Ngomeni dirisha la kutazama mashimo meusi

Ukienda ushago Nuu likizo ya Disemba, matatu inakushusha Mwingi, unatafuta gari lingine au bodaboda, na ukifika baada ya jua kuzama unakutana na kitu ambacho Nairobi hakuna: anga. Hakuna taa za barabarani za kuififisha. Nyota zinaanza juu ya Kilima cha Nuu na kushuka hadi upande wa Mto Tana. Vijana wengi hupiga picha mbili tatu na simu, picha zinakataa kutoka, basi wanarudi ndani kula ndengu.

Ila kuna jambo ambalo hata wazee wengi wa Nuu hawajui. Kati ya Disemba 1970 na Machi 1973, kuna chombo kilichokuwa kikipita juu ya ukanda huu wa Ikweta mara kama 14 kila siku, kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500. Kiliizunguka dunia kwa dakika 96 hivi. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Uhuru. Kilirushwa kutoka ardhi, au tuseme bahari, ya Kenya, takriban kilomita 300 kutoka Nuu ukipima kwa mstari mnyoofu. Na kazi yake ndiyo iliyowafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Aliyefanya mahali hapo pawezekane alikuwa profesa wa Kiitaliano aitwaye Luigi Broglio. Alifariki 2001, kabla ya wengi wenu mnaosoma hapa kuzaliwa. Nchini kwao anaitwa baba wa safari za anga za Italia. Huku kwetu jina lake limeandikwa kwenye lango la kituo kimoja Kaunti ya Kilifi, na wengi hupita bila kuuliza huyu Broglio alikuwa nani.

Mtoto wa Mestre

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, Mestre, mji ulio ng'ambo tu ya Venice, ule mji maarufu uliojengwa juu ya maji. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, kisha akaingia jeshi la angani, si kama rubani bali katika kikosi cha wahandisi. Baadaye alipanda hadi cheo cha jenerali. Maisha yake yote alivaa kofia mbili: ya mwanajeshi na ya mwalimu wa chuo.

Vita Vikuu vya Pili vilipoisha 1945, Italia ilikuwa imeshindwa. Viwanda vimebomoka, pesa hakuna, na kwa mambo ya roketi ilikuwa nyuma mno ikilinganishwa na Marekani na Muungano wa Kisovieti. Ni katika hali hiyo ambapo mwaka wa 1952, akiwa na miaka kama 40, Broglio alikabidhiwa shule ya uhandisi wa ndege na anga ya Chuo Kikuu cha Roma, akichukua nafasi ya mtangulizi mashuhuri, Gaetano Arturo Crocco.

Miaka minne baadaye alikuwa mmoja wa walioanzisha uwanja wa kurushia makombora Salto di Quirra, kisiwani Sardinia. Hapo wanafunzi wake na maafisa wa jeshi walijifunza kazi kwa mikono: kuunganisha roketi ndogo, kuirusha, kuifuata kwa rada, kisha kusoma ilichopima.

Sasa, kurusha roketi ndogo inayopanda na kuanguka ni jambo moja. Kuiweka setilaiti ibaki juu, izunguke dunia, ni jambo lingine kabisa. Broglio alitaka hilo la pili.

Kwa nini Kenya?

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaweza kuifuata.

Dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Ukisimama kwenye Ikweta, hata kama umekaa tu kwenye kiti, dunia inakubeba kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Ukienda kaskazini, kasi hiyo inapungua, kwa sababu duara unalolizunguka ni dogo. Pale Wallops Island, Virginia, ambako Wamarekani walikuwa wakirushia roketi zao ndogo, ni kama kilomita 1,320 kwa saa. Kwa hivyo roketi inayorushwa kutoka Ikweta kuelekea mashariki inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Kwa nchi tajiri yenye roketi kubwa, tofauti hiyo si kitu. Kwa nchi yenye mfuko mwembamba, ni kilo kadhaa za ziada za vifaa.

Italia yenyewe iko mbali na Ikweta. Isitoshe, ukirusha roketi kuelekea mashariki kutoka Italia, vipande vyake vinaweza kuangukia nchi za watu. Broglio alihitaji mahali penye mambo mawili: karibu na Ikweta, na bahari tupu upande wa mashariki. Pwani ya Kenya kaskazini mwa Malindi, kwenye ghuba ya Ngomeni, ina yote mawili. Iko karibu digrii tatu tu kusini mwa Ikweta, na mbele yake ni Bahari Hindi.

Wazo lake lilikuwa rahisi na la ajabu kwa wakati mmoja: badala ya kujenga nchi kavu, tumia majukwaa yanayosimama baharini, kama yale ya kuchimbia mafuta. Mwaka wa 1961 serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani iliukubali mpango huo. Mwaka uliofuata Italia ikaafikiana na NASA: Wamarekani watatoa roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano watatengeneza setilaiti na kuirusha wenyewe. Mradi ukaitwa San Marco, yaani Mtakatifu Marko, msimamizi wa mji wa Venice.

Majukwaa mawili yalivutwa na meli hadi Ngomeni. La kwanza, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la mafuta lililobadilishwa kazi. La pili, San Marco, lilikuwa gati la chuma la jeshi la Marekani. Moja likawa la kurushia na lingine la kuongozea, umbali wa kutosha kati yao ili roketi ikilipuka watu wabaki salama. Roketi ndogo za majaribio zilianza kuruka kutoka hapo mapema 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru.

Desemba 15 mwaka huo huo, kikosi cha Broglio kilirusha San Marco 1 kutoka Wallops. Uingereza na Kanada zilikuwa na setilaiti tayari, lakini zilirushwa na Wamarekani. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wasio Wamarekani wala Wasovieti kurusha setilaiti yao wenyewe, ingawa roketi ilikuwa ya kuazima.

Kisha Aprili 26, 1967, San Marco 2 ikaondoka kutoka kwenye jukwaa la Ngomeni. Hakuna nchi iliyokuwa imewahi kurusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini. Ndani yake mlikuwa na kifaa alichobuni Broglio mwenyewe, mizani ya kupimia jinsi hewa nyembamba ya huko juu inavyokikokota chombo. Profesa alikuwa na miaka 55.

Siku ya Jamhuri, 1970

Mashimo meusi yanaingiaje hapa? Twende polepole.

Shimo jeusi ni mahali ambapo mata imebanwa sana hadi mvuto wake haumruhusu yeyote kutoka, hata mwanga. Kwa hiyo huwezi kuliona lenyewe. Unachoweza kuona ni fujo inayolizunguka. Gesi inayovutwa huko ndani inazunguka kwa kasi, inasuguana, inapata joto la mamilioni ya digrii na kutoa miale ya eksirei, ile ile ya kupigia picha mifupa hospitalini.

Shida ni kwamba hewa ya dunia inazuia eksirei za kutoka angani. Bahati nzuri kwetu, maana zingetudhuru, lakini bahati mbaya kwa mtafiti. Mwaka wa 1962 Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, na wenzake walirusha roketi iliyochungulia nje ya hewa kwa dakika chache tu ikagundua chanzo cha eksirei nje ya mfumo wetu wa jua. Dakika chache. Ni kama kuchungulia dirishani kwenye matatu iliyo kwenye mwendo halafu uulizwe mtaa mzima unafananaje. Giacconi alitaka setilaiti itakayotazama kwa miezi.

Mradi huo ukawa wa NASA, na mhandisi aliyeusimamia alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Walipotafuta pa kuirushia, jibu likawa Ngomeni. Si kwa sababu ya ule msukumo wa Ikweta peke yake. Setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya eneo fulani juu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu husumbua vipimo. Jukwaa ambalo Broglio alilijenga kwa ajili ya nchi maskini wa roketi likawa mahali bora kuliko pale ambapo tajiri alikuwa napo.

Roketi iliondoka Desemba 12, 1970, siku Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Townsend akaipa setilaiti jina Uhuru, kwa heshima ya wenyeji.

Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Ilipoanza, vyanzo vya eksirei vilivyojulikana angani vilikuwa vichache. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na 339. Kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, kilikuwa kinamemeteka kwa kasi mno, kupungua na kuongezeka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo. Wanaastronomia wa Uingereza na Kanada walipotazama kwa darubini za kawaida walikuta nyota kubwa inayumbishwa na mwenzake asiyeonekana, mzito kupita kiasi. Mzito, mdogo, haonekani. Hapo ndipo shimo jeusi lilipotoka kwenye hesabu za karatasi na kuwa kitu chenye anwani.

Setilaiti nyingine zikafuata kutoka majukwaa yale yale. Ariel 5 ya Waingereza ilirushwa kutoka Ngomeni Oktoba 1974, na ikasaidia kuonyesha kwamba galaksi za aina fulani, zenye vitovu ving'aavyo, hutoa eksirei kwa wingi. Leo tunajua ni kwa nini: katikati ya galaksi hizo kuna shimo jeusi kuu, lenye uzito wa mamilioni au hata mabilioni ya majua. Galaksi yetu pia, Njia Nyeupe, ile mkanda mweupe unaouona vizuri ukiwa Nuu, ina lake, lenye uzito wa majua kama milioni nne. Limetulia tu.

Alichoshindwa

Tukimsifu tu Broglio tutakuwa tunadanganyana. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Ya mwisho ilikuwa San Marco ya tano, Machi 25, 1988. Profesa alikuwa na miaka 76. Alitamani roketi ya Scout iboreshwe, iwe na nguvu zaidi, ili Ngomeni iendelee kurusha. Alibishana kwa miaka. Wakubwa wa Italia wakaamua kuweka pesa kwingine, kwenye roketi inayorushwa kutoka Amerika Kusini na ushirika wa Ulaya. Majukwaa yakabaki baharini, yakila kutu.

Aliaga dunia Roma Januari 14, 2001, akiwa na miaka 89. Hakuiona setilaiti nyingine ikiondoka Kenya, na hadi leo hakuna iliyoondoka. Mwaka uliofuata Giacconi akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, kwa sehemu kubwa kutokana na njia iliyofunguliwa na Uhuru. Kituo cha Ngomeni kikapewa jina la Broglio.

Kuna upande mwingine pia. Wakenya wamekuwa wakiuliza kwa muda mrefu: sisi tulipata nini? Roketi ilikuwa ya Marekani, wahandisi wakuu walikuwa Waitaliano, majina kwenye makala za utafiti yalikuwa ya wageni. Sisi tulitoa bahari, Ikweta na jina. Swali hilo limefika bungeni, na ni haki kuliuliza. Oktoba 2016 serikali mbili zilitia saini mkataba mpya uliogusia mafunzo na kugawana data. Mwaka wa 2017 Kenya ikaanzisha Shirika lake la Anga za Juu.

Mashimo matatu, na njia ya kupitia Malindi

Kurusha kulikoma, lakini kusikiliza hakukukoma. Nchi kavu pale Ngomeni kuna antena zinazopokea data kutoka kwa setilaiti. Mojawapo ni NuSTAR, darubini ya eksirei ya NASA iliyorushwa 2012. Inazunguka karibu na Ikweta, kama Uhuru zamani, na kituo chake kikuu cha kupokelea data ni hapa hapa Kenya.

Mwaka wa 2019 wanasayansi walitangaza kitu ambacho kingemfurahisha mzee Broglio. Katika mfumo uitwao SDSS J0849+1114, umbali wa miaka bilioni moja ya mwanga, galaksi tatu zinagongana. Kila moja imekuja na shimo lake jeusi kuu, na yote matatu yanakula gesi kwa wakati mmoja. Yanatengana kwa miaka ya mwanga kati ya 10,000 na 30,000. Ukitazama kwa darubini ya kawaida, vumbi na gesi vimeyafunika. Eksirei zenye nguvu, zile ambazo NuSTAR huzinasa, hupenya vumbi hilo. Darubini kadhaa zilishirikiana kulithibitisha, Chandra na NuSTAR zikiwemo.

Mbona matatu ni habari kubwa kuliko mawili? Kwa sababu ya fumbo moja. Galaksi mbili zikiungana, mashimo yao hukaribiana yakizungukana. Hesabu zinaonyesha yanaweza kufika karibu sana kisha yakakwama, yanazungukana tu bila kuungana, kama madereva wawili kwenye mzunguko wa barabara, hakuna anayempisha mwenzake. Akija wa tatu, mvuto wake unaweza kuwasukuma wale wawili waungane, pengine yeye mwenyewe akitupwa nje. Kuungana huko hutikisa anga lenyewe kwa mawimbi ya mvuto. Ukitaka kujua galaksi kubwa zilikuaje, lazima ujue ni mara ngapi jambo hili hutokea.

Mwaka huo huo kundi lingine lililotumia darubini kubwa iliyo Chile lilitangaza kwamba NGC 6240, galaksi iliyo karibu zaidi, ambayo tangu 2002 ilijulikana kuwa na mashimo mawili makuu, huenda ina matatu.

Kwa hivyo ukisoma habari za mashimo meusi ya mbali, jua kwamba baadhi ya namba hizo zilishuka kwanza kwenye sahani ya antena Kaunti ya Kilifi, mahali ambapo wavuvi huondoka alfajiri na ambako mtu aliyetoka Nuu anaweza kufika kwa siku moja ya safari.

Mwezi Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, ndogo kama boksi la maziwa, iliachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kimoja cha Roma: kile kile alichosomea na kufundisha Broglio. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka California. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na fizikia ya anga, na masomo yanayohitajika ni yale mnayoyakimbia darasani: hisabati na fizikia.

Ikweta haijahama. Bahari ya Ngomeni bado iko wazi upande wa mashariki, na msukumo ule wa kilomita 1,670 kwa saa bado ni wa bure. Broglio alitoka nchi iliyoshindwa vita, akaazima roketi, akaazima jukwaa na akaazima bahari yetu. Sisi bahari ni yetu tayari.